Meno ya Juu Mdomoni, ya Chini Mfukoni: Kuchagua Bandia au Vipandikizi kwa Pesa Kidogo

Mteja akiingia karakana yangu ameshika leso iliyokunjwa, huwa sihitaji kuuliza kilichomo. Ni meno ya chini. Ya juu ameyavaa, anaongea nayo, anacheka nayo. Ya chini huvaliwa akienda kwa watu na kuvuliwa kisirisiri chakula kikifika. Nimekuwa fundi wa meno ya bandia kwa miaka 22, na leso hiyo nimeiona kwa wenye nacho na wasio nacho. Ndiyo maana mtu akiniuliza, "Fundi, pesa yangu ni ndogo, nichukue meno ya kuvaa na kuvua au nijikaze nipandikize, yaani nitiwe skrubu mfupani ya kubeba jino?" namjibu kwa swali: umepungukiwa juu au chini?

Juu kuna kaakaa. Seti nzima ya juu hulifunika lote, na utando mwembamba wa mate kati ya plastiki na nyama hufanya kazi ya kunyonya, kama vioo viwili vyenye maji katikati vinavyogoma kuachana. Chini hakuna kaakaa, kuna ulimi. Seti ya chini ina umbo la kiatu cha farasi, eneo lake la kushikia ni dogo, ulimi unaisukuma kutoka ndani, mashavu na midomo vinaisukuma kutoka nje. Juu ya hayo, mfupa usio na jino huliwa mwaka hadi mwaka, na watafiti waliowafuatilia wavaaji wa bandia kwa miaka mingi waliona ule wa chini unapungua takriban mara nne ya wa juu. Seti ya juu niliyoitengeneza wastani tu watu huizoea. Ya chini hata nikiitengeneza kwa ufundi wangu wote, kuna mdomo utakaoikataa.

Basi kama una fungu dogo la pesa, usiligawe sawasawa juu na chini.

Kwanza hesabu meno yaliyobaki

Simama mbele ya kioo na taa, fungua mdomo, hesabu yaliyobaki kabla ya kuhesabu yaliyotoka. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mtaalamu wa Uholanzi, Käyser, alionyesha kuwa mtu mwenye meno ya mbele pamoja na magego madogo yanayokutana vizuri, jumla kama 20 hivi, huweza kula na kuishi vyema bila magego makubwa ya nyuma. Maana yake kwa mfuko wako ni kubwa: si kila pengo ni deni. Mimi mwenyewe niling'olewa gego la pili la chini miaka tisa iliyopita na nimeliacha pengo lilivyo. Lile la juu lililokuwa likikutana nalo limeteremka kidogo, nakiri, lakini natafuna, sina maumivu, na pesa ile nilisomeshea mtoto. Kuna watu huuza mbuzi wawili kuziba pengo ambalo hata wao hulisahau mpaka waligusishe ulimi.

Kilicho cha haraka zaidi ni meno yaliyobaki yanayougua. Usitie kipandikizi wala bandia ya bei mbaya kwenye mdomo wenye fizi zinazotoka damu na meno yaliyotoboka. Fedha ya kwanza iende kwenye kusafisha, kuziba na kung'oa lisilookoka.

Pengo la jino moja

Hapa kila mtu hudhani kipandikizi ndicho kitu cha anasa. Si lazima iwe hivyo. Tazama majirani wa pengo. Kama ni meno mazima yasiyowahi kuzibwa, kuyachonga pande zote ili yabebe daraja, yaani jino bandia linaloshikwa na majirani wake, ni hasara isiyorudi. Hapo kipandikizi kina haki ya kuzungumziwa, na kama hakiwezekani, hasa kwa jino la mbele, uliza daraja linalogandishwa kwa nyuma kwa bawa dogo, ambalo halichongi sana na huwa nafuu zaidi. Kama majirani wamekwishazibwa mara nyingi na wanahitaji kofia ya kuwafunika hata hivyo, daraja la kawaida linaua ndege wawili kwa jiwe moja.

Jino moja la kuvaa na kuvua, la plastiki, ndilo rahisi kuliko yote. Ni zuri kwa kusubiria. Ni dogo lakini, na watu huyameza haya madogo, usicheke. Lala bila kulivaa.

Mapengo kadhaa

Hapa ndipo bandia inapong'ara, na hapa ndipo wateja wanapodanganyika kwa macho. Wanapenda ile laini ya nailoni kwa sababu haina kulabu za waya na inajificha kwenye fizi. Inapendeza kweli. Ila nailoni haishikamani na meno ya plastiki. Mimi hutoboa vitundu kwenye kila jino ili nailoni iingie na kulikamata. Siku jino lako jingine likitoka, kuliongeza kwenye nailoni ni kazi ngumu na pengine itabidi kuanza upya. Kwenye akriliki, ile plastiki ngumu ya kawaida, naongeza jino siku hiyohiyo. Kwa hiyo kama meno yaliyobaki yanatikisika na unajua safari ya kung'oa haijaisha, chukua akriliki bila aibu. Kama yaliyobaki ni imara na yatadumu, weka akiba ya fremu ya chuma: ni nyembamba, haivunjiki ovyo, na hupumzika juu ya meno badala ya kuzama kwenye fizi kila unapouma.

Ukiwa huna jino hata moja

Hapa sina maneno ya kuzungusha. Juu, seti ya kawaida. Chini, seti ya kawaida iliyoshikwa na vipandikizi viwili tu.

Siyo mawazo yangu peke yangu. Mwaka 2002 wataalamu waliokutana katika Chuo Kikuu cha McGill, Canada, walitoa tamko kwamba kwa taya la chini lisilo na jino, seti inayoshikwa na vipandikizi viwili ndiyo inayopaswa kuwa chaguo la kwanza, si anasa. Viwili hivyo huwekwa upande wa mbele, usawa wa chonge, na juu yake kuna vichwa vidogo. Mimi nabandika vikombe vyenye vipete vya nailoni ndani ya seti. Ukiivaa inabana kama vifungo vya kubonyeza kwenye nguo: tak, tak. Unaivua kwa vidole usiku, unaisafisha, unairudisha.

Lakini kitu ambacho wengi hawaambiwi ni kwamba si lazima ulipe vyote mara moja. Anza na seti nzuri, juu na chini. Ivae. Ukiizoea, umepona na leso. Ikikushinda ya chini, kusanya pesa, tia skrubu mbili, kisha seti ileile, kama ilitengenezwa vizuri na bado inakaa, inachimbwa upande wa ndani na kuwekewa vikombe. Hakuna kilichotupwa. Na mfupa wa mbele wa taya la chini ndio mvumilivu zaidi. Mara nyingi hubaki wa kutosha hata baada ya miaka mingi bila meno. Taya la juu kwa nyuma ndilo husumbua, mfupa ni laini na karibu kuna uwazi wa pua, hivyo huenda ukaongezewa mfupa kwanza, na bili inapanda.

Vipandikizi vinne vinavyobeba meno yasiyovuliwa kabisa vipo, na waliovipata huvifurahia. Kwa bajeti ndogo nisingekopa kwa ajili yake.

Muda, kwa sababu muda nao ni pesa

Kipandikizi ni skrubu ya madini ya titani. Haigandi kwa gundi. Mfupa wenyewe ndio unaokua mpaka kuikumbatia, na huo huchukua takriban miezi mitatu hadi sita. Msweden Per-Ingvar Brånemark aligundua jambo hili miaka ya 1950 akifanya utafiti kwa sungura, vifaa vyake vya titani vikagoma kutoka mfupani. Mgonjwa wake wa kwanza alipandikizwa mwaka 1965 na akaendelea kutumia meno hayo kwa miaka 40 mpaka alipofariki. Wewe pangia miezi hiyo ya kusubiri: utavaa nini, na nani analipia hicho cha kuvaa?

Kwa bandia, mfupa na fizi hunywea zaidi ndani ya mwaka wa kwanza baada ya kung'oa, hasa miezi ya mwanzo. Ukitaka kutoka kwa daktari siku ya kung'oa ukiwa na meno mdomoni, inawezekana, ila seti hiyo italegea baada ya miezi michache. Haijaharibika, mdomo ndio umebadilika. Itahitaji kujazwa upya upande unaogusa fizi. Gharama ya kujaza iweke kwenye hesabu tangu siku ya kwanza, la sivyo utakuja kunigombeza mimi.

Unapoulizia bei

Omba iandikwe. Bei ya kipandikizi inayovutia mara nyingi ni ya skrubu peke yake. Uliza: kuna kiunganishi, kile cha kuunganisha skrubu na jino, ndani yake? Kuna kofia, yaani jino lenyewe? Picha za eksirei? Jino la kusubiria? Mfupa wa kuongezea kama utahitajika? Na skrubu isiposhika nani anarudia, kwa gharama ya nani? Kisha omba kadi yenye jina la mtengenezaji na kipimo cha skrubu uliyotiwa. Nimeletewa mgonjwa ambaye kofia yake imelegea, aliyemtibu hayupo tena, na hakuna ajuaye ni bisibisi ipi inayoingia. Tulihangaika wiki tatu kwa kitu ambacho kadi ingekimaliza kwa dakika kumi.

Kwa bandia uliza ni mara ngapi utaitwa. Ukiambiwa mara moja ya kuchukua chapa ya mdomo na ya pili kukabidhiwa, ondoka. Katikati lazima kuwe na siku ya kujaribu meno yakiwa yamepangwa kwenye nta. Siku hiyo nenda na mtu anayekujua uso na atakayekuambia ukweli. Ongea, hesabu kutoka sitini hadi sabini, cheka. Nta naisogeza kwa kisu cha moto ndani ya dakika mbili. Akriliki ikishaiva, imeiva.

Mahali pa kupunguza gharama kihalali ni kwenye vyuo vinavyofundisha udaktari wa meno, ambako wanafunzi hutibu chini ya jicho la walimu. Utakaa sana kwenye kiti. Lakini mwanafunzi anayesubiri saini ya mwalimu wake hurudia chapa mara tatu mpaka itoke sawa, jambo ambalo wenye haraka hawalifanyi.

Mambo ya mwili ambayo pesa haiyarekebishi

Kisukari kisichodhibitiwa, sigara nyingi, mionzi iliyowahi kupigwa kwenye taya, na baadhi ya dawa za mifupa, hasa za sindano wanazopewa wagonjwa wa saratani: yote yaseme kwa daktari kabla ya kutoa hata malipo ya kwanza. Si lazima yakuzuie, ila yanaongeza hatari ya skrubu kukataa au jeraha kutopona. Na usidhani titani haihitaji mswaki. Haitoboki kama jino, ila fizi na mfupa unaoizunguka huoza ukiiachia uchafu, na hapo skrubu nzima hutoka na pesa yako.

Ukishayapata

Bandia isiingie maji ya moto, hupinda. Dawa ya meno huikwaruza. Tumia mswaki laini na sabuni ya kawaida, juu ya beseni lenye maji ili ikikuponyoka isipasuke. Usiku ivue, ilale kwenye maji, fizi zipumue. Ikikuchoma mahali, ivae saa chache kabla ya kuja ili nione alama nyekundu. Usiikwangue mwenyewe. Na ikivunjika usiibandike kwa gundi kali: mzee mmoja aliunganisha yake iliyopasuka katikati, vipande vikapishana kwa unene wa ukucha, na kazi ya saa moja ikageuka kuwa seti mpya. Vilevile ukiona unamaliza gundi ya meno tyubu baada ya tyubu, seti haikai, rudi ijazwe. Kuna watu waliodhurika mishipa ya fahamu kwa kutumia kupita kiasi, miaka mingi, gundi zenye zinki.

Mama mmoja wa leso alinirudia miezi mitano baada ya kutiwa skrubu zake mbili. Nilichimba seti yake ya zamani, nikatia vikombe, akaibana, tak, akauma kipande cha mkate na kukaa kimya akitafuna. Sasa huja kama mara moja kwa mwaka kubadilishiwa vile vipete vya nailoni vikilegea. Ni kazi isiyofika nusu saa, na ndiyo gharama pekee ya kila mwaka aliyobaki nayo.