Daftari la asili (la kuchora na kuandika mimea na viumbe mnavyoviona nje) kwa kikundi: wadogo kwa wazee, hata wasiojua kuchora

Ukiwaambia watu twendeni nje tukachore majani na wadudu, nusu watakujibu "mimi sijui kuchora" na wanabaki nyumbani. Hao ndo wa kuwafuata kwanza, waambie kabisa kwamba hii si sanaa, ni kujifunza kuangalia, na mchoro mbovu wenye tarehe una faida kuliko mchoro mzuri usio na maelezo yoyote. Watoto hawana hiyo shida, shida ni sisi wakubwa.

Vifaa ni daftari lenye jalada gumu na penseli, basi. Penseli kwa sababu ikidondokewa na mvua haisambai kama wino. Ufutio uacheni, mtu akianza kufuta hamalizi, bora achore mstari mwingine juu yake.

Kabla ya kuchora chochote kila mtu aandike juu ya ukurasa tarehe, saa, mahali na hali ya hewa. Watu wanaruka hii wanaona kama ushamba lakini angalia, Henry David Thoreau, mwandishi wa Marekani, aliandika tarehe za maua kuchanua pale mjini kwake Concord miaka ya 1850, na kama miaka 150 baadaye wanasayansi wakazitumia kuonyesha kwamba maua mengi pale siku hizi yanachanua mapema kuliko enzi zake. Bila tarehe zingekuwa karatasi tu.

Anzeni wote na kitu kimoja, mfano kila mtu na jani lake kutoka mti uleule. Mpeane dakika 10, kila mtu amalizie sentensi tatu: naona..., najiuliza..., inanikumbusha... Alafu kuna namba, hesabuni na kupima, mdudu akiwa na miguu 6 andika 6, ikifika 8 huenda ni buibui na buibui si mdudu, hapo watoto watabishana weee na ubishi huo ndo tunautaka. Kipepeo naye mtazame vipapasio, zile nyuzi mbili za kichwani, vina kifundo kwenye ncha, nondo (wale wadudu wanaofanana na vipepeo) wengi hawana.

Ndege hatulii, kwa hiyo anza na mkao tu, mstari wa mgongo na kichwa kimeelekea wapi, akigeuka anza mchoro mwingine pembeni, akirudi kwenye mkao wa mwanzo na wewe unarudi kuendelea.

Kwa wadogo sana weka jani chini ya karatasi, upande wenye mishipa uangalie juu, wapake penseli kwa ubavu, mishipa inatokea yenyewe na watapiga kelele. Asiyeweza kuandika aseme, mwingine amwandikie. Mimi napenda kumkalisha mtoto na mzee pamoja, mtoto anaona vya chini ambavyo sisi tunavikanyaga, mzee anakumbuka zamani mti huu ulikuwaje, na yote yaandikwe.

Simu ya kutafutia jina la mmea ikae mfukoni mpaka ukurasa ujae, maana mtu akishajua jina tu anaacha kuangalia. Mmea msioujua msiushike wala kuonja, viota msiguse, jiwe mkiligeuza lirudisheni lilivyokuwa maana kuna wenyewe wanaishi chini yake.

Mwisho wekeni daftari zote wazi chini mzunguke kuangalia, asiyetaka kuonyesha aachwe. Msisemeane "umechora vizuri", hilo linawaumiza wasiosifiwa, muulize mtu "hiki umekionea wapi, mimi sijakiona". Dakika 45 zinatosha, zaidi ya hapo wadogo wameshachoka.

Chagueni na mti mmoja wa kuurudia kila mwezi, uwe na kurasa zake. Mwezi mkikosa andikeni tu hatukuja, msijaze kwa kukisia.