Gongo zito la softboli: ongeza gramu 75, usiongeze kilo

Kwanza tuelewane. Nikisema gongo hapa nasema la kupigia mpira, si lile la kunywa. Nafundisha softboli, mchezo wa kupiga mpira kwa gongo ulio ndugu wa besiboli, kwa wasichana wa sekondari Mtwara mjini, na kila nikipaza sauti "leteni magongo" mlinzi wa getini lazima acheke.

Gongo zito la kwanza la mazoezi nilichongesha kwa fundi wa vinyago, mzee mmoja wa Kimakonde upande wa Mikindani. Nilimwambia nataka zito haswa. Akanitazama, akasema, "Mwalimu, mpingo huu ukiutupa majini unazama. Hao wanao watauweza?" Nikamjibu watauweza. Njiani nikapita dukani, nikaomba mizani ya kupimia sukari: kilo 1 na gramu 400. Magongo yetu ya kawaida, ya inchi 32, yana aunsi 22, sawa na gramu 624. Nilikuwa nimewabebesha watoto zaidi ya mara mbili, na nilirudi shuleni najiona bingwa.

Baada ya wiki tatu mipira yao yote ikawa inakwenda kulia. Kwa mpigaji anayetumia mkono wa kulia, hiyo maana yake gongo linachelewa. Viwiko vimeanguka, mabega yanavuta, kiuno kimelala. Mwili hujifunza kile unachourudia: ukizungusha polepole kila siku, utakuwa hodari wa kuzungusha polepole. Na mpira haukusubiri. Katika softboli ya wanawake mrushaji yuko mita 13.11 kutoka kwako, na mpira wa kilomita 80 kwa saa unaimaliza njia hiyo kwa sekunde 0.6 hivi.

Kwa hiyo sasa tunafanya hivi.

Pima gongo lako mwenyewe, gramu kwa gramu, halafu tafuta asilimia 12 yake. Kwa gongo la gramu 624 ni kama 75. Hapo ndipo mwisho wa kuongeza, na hapo ndipo mwisho wa kupunguza. Zito lako liwe karibu gramu 700, jepesi lisishuke chini ya 550. Ndiyo, jepesi pia linahitajika, na wengi hulisahau. Zito linakupa nguvu, jepesi linaufundisha mwili kwenda kasi ambayo haujaizoea. Sisi jepesi letu ni gongo la watoto la inchi 30, aunsi 20, gramu 567. Sijalitengeneza, nililikuta stoo.

Zito ndilo la kutengeneza, na halikugharimu kitu. Nenda kwa fundi baiskeli umwombe tyubu iliyochoka viraka. Ioshe, ikate kwa urefu upate ukanda wa vidole viwili, kisha punguza mpaka mizani isome gramu 75. Anza kuviringisha kiganja kimoja kutoka ncha ya gongo, ukishuka kuelekea mkononi, unavuta kwa nguvu kama unafunga gunia la korosho kwenye keria. Mwisho uchomeke chini ya mzunguko wa kabla yake. Usirundike tyubu yote nchani. Uzito ukiusogeza mbali mara mbili kutoka mikononi, ugumu wa kuuzungusha unakuwa mara nne, kwa hiyo gramu 75 za nchani si sawa na gramu 75 zilizotandazwa. Ukibisha, shika fagio la chelewa lenye mpini upande wa chelewa ulizungushe, kisha ligeuze. Na gongo lililofungwa tyubu ni la kuzungusha hewani tu. Usilipigie mpira.

Ratiba yetu ni Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, baada ya kukimbia na kunyoosha viungo. Mara 5 zito, mara 5 jepesi, mara 5 gongo lako. Pumzika dakika moja, rudia. Wiki mbili za mwanzo mizunguko mitatu inatosha, baadaye fika sita. Kila mara zungusha kwa nguvu zako zote, kama mpira upo kweli. Ukijiona unazungusha ili hesabu iishe, weka gongo chini uende nyumbani. Siku zote malizia na gongo lako la mechi.

Sasa masikio, ambayo kwangu ni mwalimu kuliko macho. Gongo likienda kasi hewani linalia "vuuu". Swali ni linalia wapi. Mwambie mwenzako asimame mbali, nyuma yako, afumbe macho. Mlio ukisikika nyuma ya bega lako, umetumia nguvu mapema, na kufika kwenye mpira umeshapoa. Mlio unatakiwa utokee mbele ya goti la mbele, pale mnapokutana na mpira. Kama gongo halilii kabisa, ligeuze, ulishike kwenye unene, uzungushe mpini: utalia tu. Tulikuwa tunafanyia Shangani ufukweni asubuhi maji yakiwa yamekupwa, mahali pazuri mno, lakini kusi likianza kuvuma husikii chochote. Siku hizi tuko nyuma ya madarasa, ukuta unakinga upepo.

Mlio ukirudi nyuma wakati mtu ana gongo zito, huyo amechoka au uzito umemzidi. Mtolee viringisho viwili vya tyubu. Wapo wasichana wangu wa kidato cha kwanza wanaoongeza gramu 40 tu na wanaendelea vizuri kabisa. Mwenye maumivu ya mgongo au kifundo cha mkono hagusi zito hata kidogo.

Siku ya mechi gongo zito linabaki stoo. Hapa huwa nabishana na makocha wenzangu, maana wameona video za Marekani, wachezaji wanavisha gongo pete nzito ya chuma kabla ya kwenda kupiga. Elston Howard wa timu ya besiboli ya New York Yankees ndiye aliyeipa umaarufu pete hiyo. Ukiivua, gongo lako linakuwa kama unyoya. Ni kama kutua ndoo ya maji kichwani: hatua kumi za kwanza unahisi unaelea, lakini hakuna aliyewahi kukimbia mbio zaidi kwa sababu hiyo. Vipimo vimeonyesha mara nyingi kwamba mzunguko unaofuata baada ya pete unapungua kasi, huku mpigaji akiapa kwamba umeongezeka. Jipashe moto kwa gongo lako, basi.

Kupima maendeleo, simu yenye video ya picha 240 kwa sekunde inatosha. Weka mpira juu ya bomba la plastiki lililosimikwa kwenye ndoo ya mchanga, urefu wa kiuno. Hesabu picha tangu gongo linapoanza kwenda mbele hadi linapogusa mpira. Piga mara tano, chukua ya katikati. Nahodha wangu alianza na picha 46. Baada ya wiki nane alikuwa na 42, na mipira yake imeacha kwenda kulia. Lile la mpingo tunazuilia mlango wa stoo usijifunge.