Punguza chumvi, ongeza potasiamu, jikoni kwetu hapahapa

Jamani chumvi tunazidisha. WHO, yaani Shirika la Afya Duniani, wanasema mtu mzima asipitishe gramu 5 kwa siku, mana'ake kama kijiko kimoja cha chai hivi, na hapo umeshahesabu ya kwenye mkate, kyubu za supu, chipsi na urojo wa jioni. Ikizidi mwili unazuia maji na presha inapanda, hata kwa mtu alokuwa mzima kabisa.

Anza na ng'onda na papa mkavu, mana huko ndo chumvi ilipojaa, roweka usiku kucha, mwaga maji, suuza tena, halafu ukipika usitie chumvi mpaka uonje kwanza. Mchuzi uchangamshe kwa ndimu, thomu, tangawizi na pilipili, punguza chumvi kidogokidogo, ulimi utazoea tu wiki chache. Kichupa cha chumvi toa mezani!

Sasa potasiamu, hii ni madini ya kwenye chakula, inasaidia figo kutoa sodiamu, ile ya kwenye chumvi inayopandisha presha, na inalegeza mishipa, lengo ni miligramu 3,510 kwa siku na wala huhitaji vidonge, iko kwenye ndizi, muhogo, viazi vitamu, mbatata, kunde, maharage, mchicha, tende na dafu. Mchicha usiuchemshe ukamwaga maji, potasiamu nyingi inaenda nayo, bora uupike na tui lake hapohapo.

Ila mwenye ugonjwa wa figo au anaetumia dawa za presha aulize daktari kwanza, hasa kabla ya kununua ile chumvi yenye potasiamu, potasiamu ikizidi kwenye damu inavuruga mapigo ya moyo.