Somo: Kumjulia hali mgumu mwenzako, na kujijulia wewe mwenyewe

Kila jioni kambini, juu ya Mlima Kilimanjaro, tunampima mgeni anayepanda. Kidole kinaingia kwenye kipimo cha oksijeni, tunasoma namba, kisha tunauliza: kichwa kinauma? Tumbo likoje, umekula? Umechoka kiasi gani? Kizunguzungu je? Tunaandika kwenye daftari, na asubuhi tunarudia. Mgeni akisema yuko sawa huku anayumba, hatumwamini. Tunamtazama anavyotembea.

Mpagazi mwenzetu aliyebeba kilo 20 kutoka getini na kulala amebanana na wenzake hemani hatumuulizi hata moja. Tunamwita mgumu. Nalipenda jina hilo, nami nimeitwa hivyo miaka minne kabla ya kuwa kiongozi wa safari za mlimani. Lakini mtu akishaitwa mgumu, ataanzia wapi kusema kwamba usiku halali, moyo unakwenda mbio bila sababu, hana hamu ya kitu? Nimeandika somo hili kwa wanakikundi wetu wa hapa Moshi, maana Juni mpaka Oktoba tunachoka, na masika ikifika, mlima ukipoa na hela kuisha, ndipo wengi wanapoanguka. Walio ofisini na hotelini nao litawafaa.

Hatua ya 1: Jipime mwenyewe

Usingizi, chakula, hasira, pombe. Hayo manne yanatosha kuanzia. Siku mbaya kila mtu anazo. Lakini ukiona wiki mbili mfululizo hulali vizuri, chakula hakipandi, unawafokea watoto kwa jambo dogo, au huwezi kumaliza jioni bila chupa, usiseme ni uchovu tu. Wengi wetu mawazo hayatutokei kama huzuni. Yanatokea kama kichwa kizito, mgongo, tumbo linalowaka. Unameza dawa ya maumivu mwezi mzima na shida iko palepale.

Hatua ya 2: Mjue mwenzako akiwa mzima

Huwezi kuona kilichobadilika kama hujui kilivyokuwa. Mpishi anayeimba kila asubuhi akinyamaza siku tatu, hiyo ni habari. Vivyo hivyo kijana mchangamfu anayeanza kula peke yake nyuma ya hema, au mtu makini anayesahau vitu viwili kwa siku moja.

Hatua ya 3: Uliza, kisha subiri "ila"

Hapa ndipo penye kazi. Salamu zetu zina jibu moja. "Mambo?" "Poa." "Habari za nyumbani?" "Nzuri." Hata aliyefiwa huanza na nzuri, kisha ndipo aseme, "ila tumepata msiba." Kwa hiyo ukimsalimia mtu akajibu nzuri ukapita, hujamjulia hali. Umesalimia tu. Simama. Iache ile "ila" ifike.

Usimuulize mbele ya wenzake. Muulize mkiwa njiani bega kwa bega, au mnaosha sufuria, maana mikono ikiwa na kazi mdomo hufunguka. Anza na ulichokiona kwa macho: "Mdogo wangu, tangu kambi ya Shira naona huli na wenzako. Kuna nini?" Kisha nyamaza. Kimya cha dakika nzima ni kigumu kukivumilia, kivumilie.

Usiseme "jikaze". Usiseme "wewe si mwanaume?" wala "wenzako wana shida kubwa kuliko hizo". Kumwambia aombe ni vema, mimi mwenyewe naomba, lakini usilitumie neno hilo kufunga mazungumzo. Na alichokuambia kibaki kwako, isipokuwa maisha yake yakiwa hatarini.

Najua uzito wa swali hilo kwa sababu niliwahi kuulizwa. Msimu mmoja tulishusha mwenzetu ambaye hakufika chini akiwa hai. Siku mbili baadaye nilipangiwa safari nyingine, nikaenda. Kwa majuma kadhaa nilisikia sauti ya machela kila nikifumba macho. Mzee mmoja, mpishi, alinikuta kambi ya Karanga nimekaa na kikombe cha chai kilichopoa. Akasema, "Hicho ni cha tatu leo unachoacha kipoe." Nililia kama mtoto. Hakuniambia chochote cha ajabu. Alikaa mpaka nikamaliza, na tuliposhuka akanisindikiza hospitali.

Hatua ya 4: Baada ya ajali au kifo kazini

Hakikisha watu wako salama, wana joto, wamekula, wamewasiliana na nyumbani. Anayetaka kusema msikilize. Asiyetaka usimlazimishe kusimulia alichoona. Shirika la Afya Duniani halishauri kuwakusanya watu na kuwasimulisha tukio kwa lazima. Kisha mfuatilie kila mmoja, wiki ya kwanza na mwezi baadaye, maana kuna ambao mshtuko huwajia wakati wengine wameshasahau.

Hatua ya 5: Ukihofia kwamba mtu anataka kujiua

Muulize wazi: "Je, umefikia kuwaza kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo, bali kunampa nafasi ya kulitua. Akikubali, usimwache peke yake, ondoa karibu naye chochote anachoweza kujidhuru nacho, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Hapa Moshi kuna hospitali ya KCMC yenye idara ya magonjwa ya akili, na hospitali ya Mawenzi. Arusha kuna hospitali ya Mount Meru. Mkiwa juu, mshushe kama unavyomshusha mgonjwa wa mwinuko, yule aliyezidiwa na hewa nyembamba ya juu, akiwa na watu wawili.

Hatua ya 6: Kiongozi, panga kazi vizuri

Maneno matamu hayamsaidii mtu aliyelala na njaa. Tipu itangazwe mbele ya wote na igawanywe bila kificho. Malipo yasicheleweshwe. Mtu asipandishwe tena kesho yake baada ya kushuka. Nusu ya mawazo ninayoyasikia kambini chanzo chake ni haya.

Maswali ya wanakikundi

*Mgumu, Machame: Nikimwambia msimamizi hali yangu, safari ijayo sitaitwa. Nifanyeje?*

Hofu yako ni ya kweli, sitaipuuza. Hulazimiki kumtajia ugonjwa. Omba unachohitaji: "Naomba nipumzike safari moja." Ila usibaki nayo peke yako. Mweleze mmoja unayemwamini na mwone daktari. Usipande huku hulali. Ukuta wa miamba wa Barranco haumtaki mtu ambaye akili yake haiko miguuni.

*Dada wa ofisini, Arusha: Nashughulikia wageni wa Marekani, ujumbe unaingia usiku wa manane na bosi anataka nijibu. Nimeichukia kazi niliyoipenda. Ni ugonjwa?*

Pole sana dada. Kuishiwa nguvu, kuichukia kazi na kuona huwezi tena, Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilieleza kuwa ni hali itokanayo na kazi, si ugonjwa. Lakini huzuni ikikufuata hata likizoni, nenda hospitali. Jua pia haki yako: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Likizo ya ugonjwa ni siku 126 ndani ya miezi 36, za kwanza 63 kwa mshahara kamili, zilizobaki kwa nusu, ukiwa na cheti cha daktari. Mwombe bosi apange zamu za usiku, mpokezane na wenzako. Akikataa, mwandikie barua na ubaki na nakala.

*Mpishi, Marangu: Kijana wangu tukishuka tu, tipu yote inaishia baa. Nimemgombeza sana.*

Kaka, muulize anakimbia nini. Pombe humlaza haraka, kisha humwamsha saa tisa usiku na mawazo mara mbili. Siku ya kushuka mtafutie la kufanya kabla ya baa, na sehemu ya tipu itumwe nyumbani, kwa hiari yake. Kama anatetemeka asipokunywa, asiache ghafla bila daktari. Ni hatari.

*Mama, Moshi mjini: Mume wangu kapewa vidonge vya sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito, siku ya tano hakuna nafuu. Anataka kuacha.*

Asiache, mama. Huchukua wiki kadhaa kufanya kazi. Akiona madhara arudi kwa daktari, na amwambie kwamba hupanda mlima.

*Mwanakikundi: Wiki iliyopita pale Mweka uliniuliza habari, nikasema nzuri. Ila si nzuri, kiongozi.*

Asante kwa kuniambia, mdogo wangu. Nipo nyumbani mpaka Alhamisi. Nipigie sasa hivi, au njoo hata kama ni usiku.