Kabla hujashuka Kibirizi kutafuta watu wa biashara

Ukifika asubuhi mwaloni Kibirizi, hapa Kigoma, vyombo vinaposhushia samaki, ukamwambia mama mwenye mzigo kwamba unatafuta dagaa wa kupeleka Dar es Salaam, bei atakutajia. Hahitaji kukufahamu ili akutajie bei. Ila ukitaka zaidi ya hapo, ukitaka akuwekee mzigo mpaka urudi, au akupe magunia matano ulipie baada ya kuuza, atakuuliza swali moja kabla ya mengine yote: "Umeletwa na nani?"

Nauza mawese na dagaa hapa Kigoma. Swali hilo niliulizwa mimi, na siku hizi nami nawauliza wengine. Kila msimu naona watu wanashuka kituo cha reli wakiwa wamejiandaa kwelikweli: kadi za biashara zimechapwa, simu ina chaji, nguo zimepigwa pasi. Wanazunguka Mwanga, Kibirizi na Ujiji, wanagawa kadi na kukusanya namba. Mwezi ukipita, katika namba zote hizo hakuna hata moja ya mtu atakayewapa mzigo kwa maneno. Inaniuma, kwa sababu wengi wao ni waaminifu. Walijiandaa kuwajua watu, wakasahau kujiandaa kujulikana.

Basi cha kwanza kuandaa ni mtu wa kukutaja. Biashara ya huku inakwenda sana kwa mali kauli: unachukua mzigo leo, unauza, unaleta fedha, na mkataba wenyewe ni neno lako. Ukikimbia, mwenye mali hana nauli wala muda wa kukusaka Tabora au Kariakoo. Atakayemfuata ni yule aliyekuleta. Mtu huyo anaweka jina lake rehani kwa ajili yako, kwa hiyo mchague na umwandae kwa heshima inayolingana na mzigo anaoubeba.

Kabla hujakata tiketi, kaa chini na kalamu. Andika wote unaowafahamu ambao wana ndugu, mteja au jirani wa zamani Kigoma: dereva wa lori, mwenzio wa kikoba, mtu mnayeswali naye msikiti mmoja au kuimba naye kwaya, fundi aliyewahi kuishi Ujiji. Waha, wenyeji wa Kigoma, wametapakaa nchi nzima, na ukiuliza vizuri mtaani kwako hutakosa mmoja. Kisha pitia orodha hiyo ukijiuliza: nani kati yao amewahi kuniona nikilipa deni? Rafiki mliyekutana naye kwenye pilau za harusi hana la kusema mwaloni. Aliyekukopesha laki moja ukairudisha siku uliyoahidi, huyo ana la kusimulia.

Ukimpata, usimwombe namba ya mtu. Mwombe apige yeye kwanza, akutaje jina, aseme unafika lini na unatafuta nini. Namba ngeni ikilia kwenye simu ya mtu aliye katikati ya kupima dagaa, mara nyingi haipokewi. Simu ya mtu wako huyo ikitangulia, wewe unafika ukiwa mgeni wa fulani, na kiti kinavutwa. Mweleze pia uwezo wako bila kuongeza: mtaji wako ni kiasi gani, ni safari yako ya kwanza au ya tatu, una uhakika wa soko wapi. Akikutangaza kuwa tajiri, utadaiwa utajiri huo siku ya kwanza. Tena uliza taratibu, kupitia mtu mwingine, jina la huyo anayekutaja likoje huku. Kama aliondoka na deni la watu, deni hilo ndilo litakalokupokea kituoni.

Hapa nieleze kosa nililolifanya mimi mwenyewe. Miaka yangu ya mwanzo mama mmoja wa Mwanga alinipeleka kwa mkamuaji wa mawese, kijijini nje ya mji. Tulikubaliana kwamba kila dumu nitakalonunua yeye apate chake kidogo. Safari ya tatu nilikwenda peke yangu bila kumwambia, nikidhani nimeshafahamika. Mkamuaji alinipimia mafuta, akapokea fedha, hakusema kitu. Safari ya nne aliniambia mzigo hakuna, na madumu nayaona yamepangwa ukutani. Wakati huo alishazungumza na yule mama. Nilirudi Mwanga, nikaomba radhi, nikalipa chake cha safari ile, na bado ulipita karibu mwaka kabla sijapewa mali kauli tena. Kumzunguka aliyekufungulia mlango ni jambo ambalo watu wa huku hawalisahau upesi. Kwa hiyo mkubaliane kabla ya safari: anapata nini, kwa mzigo upi, kwa muda gani. Akisema hataki kitu, muulize tena siku nyingine, na kila ununuapo mpe taarifa hata kama hadai chochote.

Makaratasi nayapitia haraka kwa sababu yanajulikana. Namba ya mlipakodi, leseni ya biashara, cheti cha jina la biashara kutoka BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kama unacho. Vyote vipigwe picha vikae kwenye simu. Kinachosahaulika ni jina la laini. Mtu akikutumia fedha au akilipa kwa lipa namba yako, jina linalotokea kwenye simu yake liwe lile ulilojitambulisha nalo. Laini iliyosajiliwa kwa jina la shemeji imewahi kuvunja mapatano yaliyokwisha kushikwa mkono, kwa sababu mwenye mali aliona jina geni akaingiwa na shaka. Hakuna maelezo yanayoiondoa shaka hiyo palepale.

Jambo linalowapa watu sifa ya ukweli mapema kuliko makaratasi ni kujua hesabu zao. Mtu anayesema "nahitaji mzigo mkubwa tu" bado hajasema kitu. Sema unahitaji mawese madumu ishirini ya lita 20 kila baada ya wiki mbili, au dagaa kilo mia tatu kwa mwezi. Jua unanunua kwa kipimo gani na utauza kwa kipimo gani, maana ndoo ya dagaa na kilo ya dagaa ni vitu viwili, na gunia la lumbesa, lililojazwa kupita kipimo, litakugombanisha na watu wa vipimo huko mbele. Jua kama mteja wako anataka dagaa walioanikwa kwenye chanja au anawakubali wa mchangani, kwa sababu bei inatofautiana na aibu ya kurudishiwa mzigo ni yako. Kama wewe ndiye unayeleta bidhaa Kigoma, beba sampo iliyo sawa kabisa na utakachouza. Sampo nzuri kuliko mzigo ni ahadi uliyokwisha kuivunja.

Kisha kuna suala la wakati, na hapa ndipo wageni wengi hupoteza nauli zao. Dagaa wa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa, na taa inafanya kazi yake gizani. Siku za mbalamwezi vyombo vingi hukaa pwani. Wavuvi wanashona nyavu, wenye vyombo wanapiga hesabu, watu wana nafasi ya kuongea. Kama unataka kufahamiana, njoo siku hizo, uulize, usikilize, unywe chai. Kama unataka mzigo, njoo siku za giza, lakini usitegemee mazungumzo marefu: alfajiri vyombo vikiingia kila mtu anakimbizana na jua, na mchana aliyevua usiku kucha amelala. Angalia kalenda ya mwezi kabla ya kalenda ya likizo yako. Uliza pia kwa maofisa uvuvi kama ziwa liko wazi. Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti ili samaki wazaliane, na aliyekuja Juni bila kuuliza alikuta chanja tupu. Ijumaa mchana usimpangie mtu wa Ujiji kikao, na katika mwezi wa Ramadhani mazungumzo ya maana husubiri baada ya futari.

Uelewe pia nani anashika nini. Wanaokwenda majini na wenye vyombo wengi ni wanaume, lakini kuanika na kuuza dagaa, kwa sehemu kubwa, kuko mikononi mwa akina mama. Nimeona vijana wanasalimia wanaume waliokaa kivulini, wanampita mama aliyeinama kwenye chanja, na kumbe mzigo wote ni wake. Salimu wote. Shikamoo kwa aliyekuzidi umri, ungoje marahaba, uulize habari za nyumbani na za ziwa, ndipo useme shida yako. Dada unayekuja mara ya kwanza peke yako, mtafute mwanamke mwenzio akupeleke, na mazungumzo ya fedha yafanyike mchana, palepale sokoni. Anayekutaka umfuate sehemu ya faragha ili akupe "konekisheni" hana mzigo wa kukuuzia. Vivyo hivyo anayetaka ada ya kukutambulisha kabla hujaona hata dumu moja.

Wengi wanaokuja Kigoma macho yao yako ng'ambo, Bujumbura ya Burundi, au Uvira, Baraka na Kalemie za Kongo. Mambo madogo ya kuandaa hapa ni mengi na yote yana kazi. Burundi na Kongo upande wa ziwa ziko nyuma yetu kwa saa moja, na Zambia pia. Mtu wa Kalemie akisema atakupigia saa nne, hakikisha mnazungumzia saa nne ya wapi. Kwenye kadi na kwenye mawasiliano yako andika namba ikianza na +255, na namba zao zihifadhi na +257 au +243, la sivyo siku unayomhitaji simu haitoki. Kiha na Kirundi vinasikilizana, kwa hiyo ukiwa na Muha pembeni, mazungumzo na Mrundi yatakwenda vizuri. Mkongo wa upande huu mtaelewana kwa Kiswahili, ila maneno yake mengine siyo yetu na mtu mzima kwao anaitwa Papa au Mama, kwa hiyo kubaliana naye bei kwa kuandika tarakimu na jina la fedha: shilingi, faranga au dola. Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007 na Kongo mwaka 2022. Kwa mzigo mdogo usiozidi dola 2,000 wa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya kuna cheti rahisi cha uasili, kinachoonyesha bidhaa imetoka wapi. Ukipitia Manyovu, mpakani na Burundi, waulize watu wa forodha kabla hujapakia, usiulize ukiwa kizuizini.

Usidharau ofisi nazo. TCCIA, chemba ya wafanyabiashara, na SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973, huwakutanisha wasindikaji, watengeneza sabuni na wenye mashine. Pita ujitambulishe siku ambayo huna shida, maana anayekuja na shida kila mara husikilizwa kwa nusu sikio. Kwa wanaofuata michikichi yenyewe, miti inayotoa mawese, kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga ndiko wakulima wanakokwenda kwa ajili ya mbegu, na utakutana nao huko.

Tenga pia fedha ambayo si mtaji. Ukishaanza kufahamika utaletewa kadi ya mchango wa harusi, na siku moja utasikia mwenye mzigo wako amefiwa. Kwenye msiba nenda. Kama uko mbali, piga simu, usitume ujumbe peke yake, na tuma rambirambi hata kama ni ndogo. Watu hawakumbuki kiasi, wanakumbuka kwamba ulikuwepo, na anayeitazama safari hiyo kama gharama ya biashara hujulikana upesi kwa macho yake. Nawaomba wageni wote wanaokuja huku: kama humjali huyo mtu, usimfanye mteja wa miaka.

La mwisho kuandaa ni daftari. Wazee waliandika ukutani madukani kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na watu nao hupotea hivyo hivyo. Namba ya simu ihifadhi na mahali na bidhaa, maana "Mama Asha" utakuwa nao wanne. Daftarini andika tarehe, aliyekutambulisha, mlichokubaliana, na hasa ulichoahidi wewe: picha ya mzigo, bei ya Dar es Salaam, jibu la swali lake. Ukifika nyumbani, kabla hujafungua magunia, mpigie aliyekupa mzigo umwambie umefika salama. Halafu mpigie aliyekupeleka kwake.