Ejenti wako aanze na kumbukumbu zilizobadilika karibuni

Wakuu, kama ejenti wako wa AI (programu ya akili mnemba inayokufanyia kazi yenyewe) anatunza kumbukumbu kwenye databesi, mpe na zana ya kuvuta zile zilizobadilika karibuni tu, maana ule utafutaji wa kufananisha maana unaleta kinachoendana na swali, sio kilichobadilika jana, kwa hiyo anaweza kukujibu kitu cha zamani kabisa tena kwa kujiamini. Panga kwa tarehe ya kubadilishwa sio ya kuundwa, hapa ndo wengi wanateleza, ukipanga kwa ya kuundwa, kumbukumbu ya Januari uliyoirekebisha leo asubuhi itabaki chini kabisa huko haionekani. Muda weka UTC, yaani ile saa ya pamoja ya dunia nzima. Alafu zilizofutwa usizing'oe hapohapo, ziwekee alama kwanza ili zana imwonyeshe zimeondoka, la sivyo ataendelea kuzitumia.