Kitabu cha filamu, kipime kabla hujatoa pesa

Uko pale Tom Mboya Street, Nairobi, jioni, jamaa ametandaza vitabu chini, unainama, unaona kimoja kina picha ya kamera kwa jalada na maneno makubwa ati utakuwa dairekta, bei mia nne, na mkono tayari uko mfukoni. Ngoja kwanza. Nimenunua vitabu kama hivyo miaka mingi, vingine vimenifunza kazi kabisa na vingine viko tu chini ya kitanda, na siku hizi dakika kumi zinanitosha kujua.

Dibaji ruka, hapo kila mwandishi ni mtamu. Fungua katikati, soma kurasa mbili, tafuta kitu unaweza enda kufanya kesho na kamera ama simu yako. Kama ameandika mwanga uwe mzuri alafu akaendelea na hadithi zake, rudisha chini. Kama amesema taa ikae wapi, umbali gani na kwa sababu gani, huyo ameshika taa na mikono yake. Hiyo sababu ndio naitafuta sana, manake vitabu vingi vinavyotufikia viliandikiwa watu wa Marekani ama Uingereza, na bila sababu hutajua ni lini ufuate na ni lini uache.

Chukua mambo ya umeme. Wa Marekani ni hezi 60, yaani unapiga mawimbi 60 kwa sekunde, wetu ni hezi 50. Kitabu cha kule kitakwambia ukiwa ndani ya nyumba weka shutta 1/60, yaani kila picha ipokee mwanga kwa sehemu moja ya sitini ya sekunde, na kwao ni sawa kabisa sababu taa zao zinapanda na kushuka mwanga mara mbili kwa kila wimbi, mara 120 kwa sekunde, lakini huku ni mara 100, sasa ukifuata hiyo ndani ya duka lenye tyubu ama zile LED za bei ya chini unapata mistari inatembea kwa picha. Mimi nilishuti mahojiano siku nzima kwa saluni ya shangazi, nimefuata kitabu neno kwa neno, kufika nyumbani kufungua laptopu ni mistari tupu, ikabidi nirudi kumuomba afunge saluni tena. Ningeweka 1/50 ama 1/100 ingetulia. Kwa hivyo nikishika kitabu cha kamera naenda moja kwa moja kwa shutta, kama mwandishi ameeleza habari ya hezi na nchi tofauti namwamini hata kwa mengine, kama ametoa namba tu bila maelezo naanza kuwa na shaka.

Jua pia. Nairobi iko karibu kabisa na ikweta, jua linashuka wima saa kumi na mbili na nusu hivi mwaka mzima na giza linaingia haraka, ule mwanga wa dhahabu wenye vitabu vya London vinasema utashuti sini nzima ukipumzika katikati, huku unapata kama nusu saa umemaliza. Na saa sita mchana macho ya mtu yanageuka mashimo meusi. Angalia kama mwandishi anajua jua la utosini linapunguzwa aje, kwa kitambaa, kwa kivuli cha ukuta, kwa ubao mweupe wa kurudisha mwanga.

Alafu angalia nyuso. Miaka mingi kadi ambazo Kodak, ile kampuni ya filamu za kamera, walitumia kupima rangi zilikuwa na picha ya mwanamke mzungu, na vitabu vya wakati huo vilifuata hiyo njia. Kitabu cha taa ambacho hakina hata uso mmoja mweusi kwa picha zake mimi silipii bei kamili, hapana, manake wenye nitawashuti ni sisi.

Mwaka wa kuchapishwa uangalie lakini usiuogope. Kitabu cha kuedit cha Walter Murch, mhariri wa filamu wa Marekani, In the Blink of an Eye, kilitoka 1995, toleo la 2001 likaongezewa sehemu ndefu ya kuedit kwa kompyuta, na hiyo sehemu ndio imezeeka mbio, lakini pale anaposema hisia pekee zibebe asilimia 51 ya sababu ya kukata kutoka shoti moja hadi nyingine, hapo nimerudi mara nyingi kuliko kitabu kingine chochote nilicho nacho. Mashine zinazeeka, jicho la mtu haliendi mahali.

Vya maisha ya madairekta visome upate moyo, usivifanye bajeti. Dairekta Robert Rodriguez anasimulia vile alishuti filamu yake ya El Mariachi kwa dola 7,000 hivi, lakini hiyo ilikuwa ya kushuti, studio iliponunua iliongeza pesa nyingi zaidi ndio ifike sinema. Na mambo ya leseni usitafute huko, ya kushuti uliza Kenya Film Classification Board, ya droni uliza KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga.

Ukiweza azima kwanza, maktaba ya McMillan pale Banda Street, ama kwa rafiki. Chagua sura moja, soma asubuhi, mchana mketishe binamu karibu na dirisha ushuti vile imesemwa, alafu ushuti tena vile ungefanya kabla hujasoma. Weka hizo klipu mbili sambamba. Kama huoni tofauti, jaribu sura nyingine moja, na kama bado, mrudishie mwenyewe kitabu chake.